Aliyeenda Kariakoo

Nilipokuwa kidato cha pili, mwalimu wetu wa Kiingereza aliandika ubaoni "greenhouse", na chini yake akaandika "green house". Akaniita nisome. Nikasoma yote mawili sawasawa, griniHAUsi, griniHAUsi, na darasa zima likaangua kicheko. Mwalimu hakucheka. Alisema tu, "Hiyo ni Kizungu ya Kasikeu," kisha akaita mtu mwingine.

Kwa wasiopajua, Kasikeu iko Makueni, upande wa Kilome, ukishatoka barabara kuu ya Mombasa karibu na Sultan Hamud. Greenhouse tulikuwa tunazijua vizuri kuliko huyo mwalimu. Jirani yetu alikuwa nayo moja ya nyanya, ile ya karatasi ya plastiki iliyopasuliwa na upepo kila Agosti. Lakini nilijua kitu, sikujua mkazo wake. Na katika shule zetu, ukikosea mkazo hukosi alama tu. Unaitwa mtu wa kushrabu, na hilo jina hukufuata mpaka mlo wa jioni.

Kanuni yenyewe, nilikuja kujifunza, si ngumu. Kwa Kiingereza, maneno mawili yakiungana kuwa jina la kitu kimoja, mkazo kwa kawaida hukaa kwenye neno la kwanza: GREENhouse, kibanda cha kukuzia nyanya. Yakibaki maneno mawili, mkazo mzito huenda kwa la pili: green HOUSE, nyumba yoyote iliyopakwa rangi ya kijani. BLACKboard ni ubao wa darasani, hata kama umepakwa kijani. Black BOARD ni kipande chochote cha mbao nyeusi.

Halafu kuna vituko. Majina ya barabara, kwa mfano. Mwingereza akitaja barabara inayoitwa Street, mkazo unabaki kwenye jina: BiaSHAra Street. Ikiwa ni Road au Avenue, mkazo unahama: River ROAD, Kenyatta AVenue. Kwa nini Street peke yake ndiyo ilinyimwa? Hakuna anayekupa jibu la kuridhisha. Unaambiwa ukariri.

Na tulikariri, kwa sababu mtihani ulidai. Karatasi ya kwanza ya Kiingereza katika KCSE ilikuwa na sehemu ya stadi za mazungumzo, lakini stadi hizo zilipimwa kwa maandishi. Hakuna aliyekusikiliza. Ulipewa neno na kuambiwa upige mstari chini ya silabi yenye mkazo, au utaje herufi isiyotamkwa. Kwa hivyo mtoto ambaye hajawahi kusikia Mwingereza akiongea ana kwa ana alitakiwa kujua, kwa kalamu, sauti inapopanda. Sisi wa Kasikeu tulikuwa tunakisia kama watu wanaocheza bahati nasibu.

*

Kilichonichelewesha kuelewa ni kwamba Kiswahili hakisumbui hivyo. Mkazo wetu una kwao: silabi ya pili kutoka mwisho. Maneno machache tu ndiyo hukataa, na jozi maarufu kuliko zote ni ile ya baraBAra wanayopita magari na baRAbara ya mtu anayesema mambo yako sawa kabisa. Hata tukiunganisha maneno, kanuni haibadiliki. Gari la moshi ni maneno matatu. Ukiyabana yakawa garimoshi, mkazo unabaki mmoja na unakaa palepale pa kawaida, gariMOshi.

Tena silabi zetu nyingi huishia kwa irabu. Sasa sikio la namna hiyo likikutana na neno ambatano la Kiingereza, hulifanyia mambo mawili. Kwanza hulikata upya, kila kipande kipate irabu yake. Pili huusogeza mkazo mpaka silabi ya pili kutoka mwisho. Baada ya hapo, ule mshono uliounganisha maneno mawili hauonekani tena.

Angalia "mudguard", ile sehemu ya juu ya gurudumu inayozuia tope. Kwa Kiingereza ni tope na mlinzi. Kwetu ikawa madigadi, na kwa kuwa inaanza na ma-, watu wakaona hiyo lazima ni wingi, wakatoa umoja wake: digadi. Tope limepotea, amebaki mlinzi aliyeachiwa herufi ya watu wengine. Au "keep left", kibao cha Waingereza cha kuwaambia madereva wapite kushoto. Tanzania kikawa kipilefti, na kwa kuwa kinaanza na ki-, wingi wake ukawa vipilefti. Meli ya kivita, "man-of-war", ni manowari. Na kabati la vyombo limetoka kwa "cupboard", ambalo Waingereza wenyewe walikuwa wameshameza nusu yake. Wanaandika kikombe na ubao lakini hawatamki hivyo. Mswahili hakuliona neno kwenye karatasi, alilisikia, akaandika alichosikia.

Ninayasema haya yote kwa sababu neno moja la namna hii lilikaa nyumbani kwetu kwa karibu miaka tisini, na hakuna aliyejua limeshonwa wapi.

*

Susu, yaani bibi yangu mzaa baba, alikuwa na msemo. Mtu akitelekeza familia, alisema "ameenda Kaliakoo." Ami yangu alipopotelea Mombasa miaka mitatu bila kutuma hata senti, Susu aliketi mlangoni akisuka kiondo na kusema, "Huyo naye ameenda Kaliakoo." Kikamba hakina r, kwa hivyo alilitamka kwa l. Sisi wajukuu tulidhani ni methali tu.

Haikuwa methali. Ilikuwa ni habari ya babu yake Susu. Alikuwa na mke na watoto wawili wadogo, mmoja wao ndiye baba yake Susu, alipoondoka na wanaume wengine wa upande ule. Alienda Kaliakoo. Hakurudi. Hiyo ndiyo habari yote iliyopokewa, sentensi mbili.

Labda kizazi chake kilijua maana yake. Mke wake lazima alijua. Lakini alikufa mapema, na watoto walilelewa kwa ndugu za baba yao, wakakua na hizo sentensi mbili bila maelezo. Kisha mmoja wa wajomba zake baba akawa utingo wa lori lililokuwa likipeleka mizigo Dar es Salaam, na akarudi na habari. Kaliakoo ameiona! Ni soko. Soko kubwa ajabu, watu kama siafu, biashara usiku na mchana. Jengo jipya la soko hilo, lile la ghorofa lililobuniwa na Beda Amuli, lilikuwa limefunguliwa mwaka 1975, na mtu yeyote aliyeliona wakati huo alirudi akisimulia.

Kwa hivyo kesi ikafungwa. Mzee alienda kufanya biashara Dar, akapata mke mwingine, akasahau watoto. Baba yake Susu alikuwa mzee wakati huo, lakini tangu utotoni alikuwa ameshaamua kwamba aliachwa. Habari ya soko ilimpa tu ushahidi.

Na kwa Wakamba jambo hilo lina bei. Mtoto wa kiume wa kwanza hupewa jina la babu yake mzaa baba, ndiyo njia ya mtu kurudi nyumbani. Baba yake Susu alikataa. Mwanawe wa kwanza alimpa jina la ami yake aliyemlea. Ndiyo maana katika ukoo mzima, vizazi vinne, hakuna mtu hata mmoja mwenye jina la aliyeenda Kaliakoo.

*

Kidato cha tatu, kipindi cha historia, baada ya chakula cha mchana, wakati ambapo hata nzi wanasinzia. Tulikuwa tunasoma Vita vya Kwanza vya Dunia. Rafiki yangu mmoja alipewa kitabu asome kwa sauti. Akafika mahali pameandikwa "Carrier Corps", akasoma "karia kopsi".

"Hapana," mwalimu akasema. "Hiyo p na s hazitamkwi. Ni neno la Kifaransa hilo. Sema koo. CArrier koo."

Yule mwenzangu akarudia, kwa mkazo wetu, ule wa kushrabu, na wote tukasikia vizuri: kariaKOo.

Nakumbuka nilisimama. Sikuitwa, nilisimama tu. Mwalimu akaniuliza kama nataka kwenda msalani.

Hebu litazame hilo neno. Kwa Kiingereza ni ambatano la kawaida: mbebaji na kikosi. Mkazo uko mwanzo, kwa mbebaji. Waliolisikia Waafrika walilikata upya, ka-ri-a-ko-o, silabi tano zote zimeishia kwa irabu. Mkazo ukatoka kwa mbebaji ukahamia silabi ya pili kutoka mwisho, kwenye ile ko. Mshono ukafutika. Mtu anayesikia Kariakoo leo hasikii tena kwamba ndani yake kuna mtu amebeba kitu. Anasikia jina la mahali.

Kikosi chenyewe kilikuwa hivi. Vita vilipoanza mwaka 1914, Waingereza walikuwa Kenya na Wajerumani Tanganyika. Hapakuwa na barabara za maana kati yao, na ng'ombe, punda na farasi walikuwa wakifa kwa ndorobo. Kwa hivyo risasi, unga, mahema na hata mizinga iliyofunguliwa vipande vilibebwa na watu. Mwaka 1915 serikali ilipitisha sheria ya kuwachukua wanaume kwa nguvu. Mkuu wa kikosi alikuwa Oscar Watkins. Mwaka 1917 ukaja msako mkubwa zaidi, ulioongozwa na John Ainsworth, na machifu wakapewa hesabu ya watu wa kutoa. Ukambani ilitoa watu wengi.

Wengi wao hawakuuawa na risasi. Walikufa kwa kuhara damu, malaria, homa ya mapafu, na unga walioupika nusu kwa sababu hapakuwa na wakati wala kuni. Kamanda wa Wajerumani, Lettow-Vorbeck, alisalimu amri mwezi Novemba 1918, siku kadhaa baada ya vita kwisha Ulaya, na kwa muda wote huo wabebaji walikuwa bado njiani nyuma ya jeshi lililokuwa likimfukuza.

Kambi zao ziliacha majina. Nairobi kuna Kariokor, na Dar es Salaam, ambayo Waingereza waliiteka Septemba 1916, kuna Kariakoo. Ni neno lilelile. Nairobi limeandikwa kwa jicho la mtu aliyekumbuka kwamba Kiingereza kina r mwishoni hata kama haisikiki. Dar limeandikwa kwa sikio.

*

Likizo ilipofika nilimweleza Susu. Nilidhani atalia au atafurahi. Alinyamaza muda mrefu, akaendelea kusuka, halafu akauliza swali ambalo sikulitarajia.

"Kwa hivyo hakuwa soko?"

Nikamwambia ilikuwa kambi ya wabebaji kabla ya kuwa soko. Na hapo ndipo nilipogundua kwamba yule mjomba utingo huenda hakukosea mahali. Huenda mzee alipita Kariakoo ileile ya Dar, akalala pale pale ambapo sasa watu wanauza vitunguu na simu. Mjomba aliona mahali sawasawa. Alichokosa ni sababu.

"Na baba alikufa akimlaumu," Susu akasema. Basi, hakuongeza kitu siku hiyo.

Lazima niwe mkweli: sina karatasi yenye jina lake. Sina nambari ya kikosi wala tarehe ya kifo. Nina neno tu, miaka inayolingana, na wanaume walioondoka pamoja. Wabebaji wengi hawakuandikwa popote. Mwaka 2021, tume ya Jumuiya ya Madola inayotunza makaburi ya vita ilitoa ripoti ya kukiri kwamba angalau watu 116,000 waliokufa katika vita hivyo, na huenda hadi 350,000, wengi wao wa Afrika Mashariki na Misri, hawakukumbukwa kwa majina au hawakukumbukwa kabisa. Waingereza walichonga majina ya watu wao kwenye mawe mpaka mtu aliyekufa bila mwili kupatikana. Wetu walipewa sanamu ya pamoja. Iko Kenyatta Avenue, mkazo kwenye Avenue, na ukipita pale jioni ukikimbilia stage utaona mmoja wa wale watatu ni mbebaji.

Kwa hivyo kwa familia nyingi, kumbukumbu yote iliyobaki ni neno lililosikiwa vibaya. Nami siku hizi nasitasita kusema vibaya.

Fikiria mambo ya upande wa pili. Mwaka 1849 mmishonari Mjerumani, Ludwig Krapf, alikuwa Kitui. Desemba 3 aliuona mlima wenye theluji, na jina alilolisikia kutoka kwa Wakamba akaliandika kwa namna ya sikio lake, Kenia. Baadaye Waingereza wakalitamka Kiinya, sisi tukalitamka Kenya, na leo liko kwenye pasipoti yako. Karibu na sisi kulikuwa na mtabiri aliyeitwa Masaku. Wageni wakashindwa na jina lake, wakaandika Machakos, na mji mzima ukaitwa hivyo. Hakuna aliyewaambia Krapf na wenzake kwamba wanashrabu. Waliposikia vibaya, kosa lao likawa ramani. Sisi tuliposikia vibaya, kosa letu likawa kicheko cha darasani.

Lakini sikio la wale wanaume wa 1917 halikukosea kitu. Lilifanya kazi yake vizuri kabisa. Lilipokea neno la ukoo wa Kifaransa lenye herufi mbili bubu, lililotamkwa na maofisa wenye haraka, likatoa neno safi ambalo mtu yeyote kutoka Lamu hadi Kigoma anaweza kulitamka, na ambalo limekaa miaka zaidi ya mia. Hata yule aliyesoma "kopsi" darasani alikuwa na karatasi mbele yake. Wao hawakuwa na karatasi. Ingekuwa babu yake Susu ameliandika alivyolisikia, angepata alama zote.

Kilichotupoteza sisi ni ukimya wa waliobaki, na wa serikali ambayo haikurudi kumwambia mke wake chochote. Neno lilifika nyumbani. Maelezo hayakufika. Na neno lisilo na maelezo, watu hulitafutia maana kwa kile wanachokiona, na sisi tukaona soko.

*

Miaka michache iliyopita Susu alikuja Nairobi kwa macho yake kutibiwa. Tukiwa tunarudi nilimwomba dereva atushushe Kariokor. Ni soko pia, la vyondo, viatu vya ngozi na nyama choma, na wanawake wawili pale walimjua kwa mkono wake kabla ya kumjua kwa uso, kwa sababu vyondo alivyosuka vimeuzwa hapo kwa miaka. Alikuwa ameuza vitu Kariokor maisha yake yote kupitia kwa mchuuzi wa Sultan Hamud, na hakuwahi kuambiwa jina la soko linatoka wapi.

Alisimama kando ya barabara na miwani yake mikubwa ya hospitali. Akauliza, "Walilala wapi?"

Nikamwonyesha kwa mkono, upande wote ule, maana sikujua hasa. Akatazama upande wote ule. Kisha, kwa mara ya kwanza nikiwa nasikia, alilitaja jina la babu yake. Silabi tatu, mkazo katikati.

Dada yangu alijifungua mtoto wa kiume mwaka uliofuata. Kwa utaratibu wa Wakamba jina hilo halikuwa zamu yake, na wazee walinung'unika kidogo. Susu akawaambia zamu hiyo imechelewa tangu 1917, sasa wanataka ichelewe mpaka lini? Wakanyamaza.

Mtoto ana miaka minne. Juzi kwenye simu alinisomea alichofundishwa chekechea, akafika kwenye "blackboard", akatamka blakiBOdi. Mama yake akaanza kumrekebisha. Nikamwambia amwache kwanza amalize.